Kibali cha Kujenga ni Ngao ya Mwananchi, Kisigeuzwe Rungu

(Haya ni maelezo ya mazungumzo ya mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa Serikali waliokutana Mabamba, Wilaya ya Kibondo. Tunayachapa kwa faida ya wasomaji wetu walio katika miji midogo mingine inayokua.)

Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya kibali cha kujenga nyumba ya kuishi. Ni jambo lisilo na shangwe. Hakuna mwananchi aliyepokewa kwa ngoma kwa sababu ramani ya nyumba yake imegongwa muhuri. Hata hivyo, mtu wa kipato cha kawaida hana kitu kikubwa atakachokifanya katika maisha yake yote kuliko kujenga nyumba. Huweka humo akiba ya miaka kumi au ishirini, mkopo wake wa benki, na mara nyingi kiinua mgongo chake chote. Karatasi inayoamua kama mali hiyo itasimama au itabomolewa haiwezi kuwa jambo dogo.

Mabamba ipo mpakani. Kwa mtu anayetazama ramani akiwa Dar es Salaam, hapa ni mwisho wa nchi. Lakini mwisho wa nchi moja ni mwanzo wa nchi nyingine, na mahali ambapo nchi mbili zinakutana, biashara huota yenyewe kama uyoga baada ya mvua. Mahali kama hapa hapasubiri tangazo la Serikali ndipo pawe mji. Huanza duka moja kando ya njia. Hufuata la pili, kisha mashine ya kusaga, kisha nyumba ya wageni, kisha nyumba ya mwalimu aliyestaafu akaona hana haja ya kurudi kwao. Siku moja watu huamka na kukuta kwamba mji umekwisha kuwapo, ila hauna njia ya kupitisha gari la wagonjwa.

Tazameni mwendo wa Mkoa wetu. Mwaka 2012 Wilaya ya Kibondo iligawanywa, ikazaliwa Kakonko. Na Kasulu nayo ikaizaa Buhigwe. Kasulu leo ina Halmashauri ya Mji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu katika Mkoa wa Kigoma watu zaidi kidogo ya milioni 2.1, ile ya 2022 ilikuta karibu milioni 2.5. Wameongezeka watu zaidi ya laki tatu katika miaka kumi. Tukikadiria watu sita kwa kila nyumba, hizo ni nyumba mpya zaidi ya elfu hamsini. Kila mmoja wetu na ahesabu katika mtaa wake ni ngapi kati ya hizo zilianza kwa kibali, na ngapi zilianza kwa jembe tu.

Kibali kilitoka wapi

Ndugu zangu, wananchi wetu wana sababu ya kukitazama kibali kwa mashaka. Hakikuja katika nchi hii kama rafiki yao. Mwaka 1891 Wajerumani walitunga amri ya majengo ya Dar es Salaam, wakaugawa mji kwa aina ya nyumba. Waingereza nao katika miaka ya 1920 wakaligawa jiji lile lile katika sehemu tatu: moja ya majumba ya Kizungu, moja ya maduka na nyumba za Wahindi, na ya tatu ya vibanda vya Waafrika. Sheria haikusema wazi kwamba Mwafrika asikae Uzunguni. Ilisema tu kwamba nyumba ya Uzunguni ijengwe kwa vifaa fulani na kwa kipimo fulani, ambavyo Mwafrika hakuwa na fedha ya kuvinunua. Hivyo ubaguzi ulijificha ndani ya kanuni za ujenzi, na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini yakawa majina ya kawaida katika miji yetu.

Baada ya Uhuru Serikali ya TANU ilijaribu kuirekebisha hali hiyo. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na kazi yake moja ya mwanzo ilikuwa kubomoa vibanda na kujenga nyumba bora mahali pake. Nia ilikuwa njema, lakini hesabu haikukubali. Ukibomoa nyumba moja ukajenga moja, umetumia fedha nyingi na idadi ya nyumba haikuongezeka. Kwa hiyo katika miaka ya 1970 Taifa likageukia mpango wa kupima viwanja, kuvipelekea maji na barabara, kisha kumwachia mwananchi ajenge mwenyewe. Sinza na Kijitonyama ni matunda ya mpango huo.

Lakini katika miaka hiyo hiyo tulifanya jambo jingine. Mwaka 1972, kwa mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za miji na za wilaya zilivunjwa. Za miji zilirudishwa mwaka 1978, na za wilaya zikapata sheria yake mwaka 1982. Miji yetu ilikaa miaka kadhaa bila mwenyewe, wakati watu wakiendelea kuhamia. Mazoea ya kujenga kwanza na kuuliza baadaye yalipata nafasi ya kuota mizizi, na mizizi hiyo bado tunaing'oa.

Funzo la Operesheni Kigoma

Sisi wa Kigoma tuna funzo letu wenyewe. Operesheni Kigoma ilianza mwaka 1972, kabla ya operesheni nyingi za mikoa mingine. Wazee waliokuwa wakiishi mbali mbali, kila mmoja katikati ya migomba yake, walihamishwa wakapangwa katika vijiji kwa mistari. Shabaha ilikuwa kuwaweka watu karibu na shule, zahanati na maji, na shule nyingi ambazo baadhi yenu mnafundisha leo zisingekuwapo bila vijiji hivyo. Lakini mahali pengi kazi ilifanywa kwa haraka. Mistari ilichorwa na watu ambao hawakuwauliza wenyeji maji yanapita wapi wakati wa masika, wala udongo gani unabeba nyumba na upi unafaa kwa maharage tu. Mpango usiowashirikisha watu uliwaumiza watu.

Sasa tumeelekea upande wa pili. Katika miji midogo inayokua watu wapo na mpango haupo. Mwenye fedha anajenga hadi kwenye mpaka wa jirani, na asiye na fedha anashukia bondeni. Nasema kwa yakini kwamba hali hii ikiachwa itawaumiza watu wengi zaidi, na itawaumiza wanyonge kwanza, kwa maana mwenye nguvu siku zote hupata pa kupitia.

Kibali kinadai nini

Tuseme basi kibali ni kitu gani. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inasema kwamba katika eneo lililotangazwa kuwa eneo la mipango, mtu hawezi kuliendeleza bila idhini ya mamlaka inayohusika, yaani halmashauri. Mwenye kutaka kujenga nyumba ya kuishi hupeleka maombi yake pamoja na vitu vichache.

Kwanza, uthibitisho kwamba kiwanja ni chake: hati, au barua ya toleo, au mkataba wa mauziano uliothibitishwa. Pili, ramani za nyumba: sakafu na vyumba vyake, sura ya nyumba kwa mbele na ubavuni, mkato unaoonyesha msingi, kuta na paa, na mchoro wa kiwanja chenyewe unaoonyesha nyumba itakaa umbali gani kutoka mpakani, na choo na shimo la maji machafu vitakuwa wapi. Kama nyumba ni ya ghorofa, lazima kuwe na michoro ya mhandisi inayoonyesha nguzo na nondo. Tatu, fomu iliyojazwa na ada iliyolipwa kwa stakabadhi. Baada ya hapo wataalamu hupitia maombi: ofisa mipango miji, ofisa ardhi, mhandisi, ofisa afya, na inapobidi watu wa zimamoto na mazingira. Kiwanja hukaguliwa. Wakiridhika, kibali hutolewa, na nyumba hukaguliwa tena inapojengwa, tangu msingi hadi inapokuwa tayari kukaliwa.

Ama penye ardhi ya kijiji ambayo haijatangazwa kuwa eneo la mipango miji, utaratibu ni mwingine. Hapo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka usimamizi mikononi mwa Halmashauri ya Kijiji na Mkutano Mkuu wa Kijiji, na mwananchi aweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Kijiji chenyewe kina haki ya kupanga matumizi ya ardhi yake kwa Sheria ya mwaka 2007 inayohusu mipango hiyo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila anayetaka kujenga mahali kama hapa ni hili: kiwanja changu kiko chini ya mamlaka ipi? Wengi huruka swali hilo, wakanunua shamba kwa maneno ya mdomo na mashahidi wawili wa kilabuni, kisha wakashangaa wanapoambiwa kwamba wamejenga juu ya barabara.

Faida ni ya nani

Yapo maneno kwamba kibali ni njia ya halmashauri kutafuta fedha. Ada hulipwa, ndiyo. Lakini tutazame kila sharti linamlinda nani.

Sharti la umbali kati ya choo na kisima linamlinda mtoto dhidi ya kuhara na kipindupindu. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilitufundisha kuchimba vyoo, lakini choo kizuri kilichochimbwa juu ya kisima cha jirani ni adui mpya. Sharti la kuacha nafasi mpakani linaliwezesha gari kupita siku ya moto na siku ya uchungu wa mama mjamzito. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inayokataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji inamlinda hata mwenye nyumba mwenyewe, maana maji hayasahau njia yao.

Na uimara wa nyumba ni uhai. Tarehe 29 Machi 2013 jengo refu lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka, likaua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo, wakafa zaidi ya 20. Msiseme kwamba hayo ni mambo ya maghorofa ya mjini. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliwakumba majirani zetu wa Kagera. Watu wapatao 17 walikufa, na maelfu ya nyumba zilibomoka au zikapata nyufa. Nyumba hizo nyingi zilikuwa kama zetu: za chini, za matofali, zilizojengwa na fundi wa kijijini. Nasi tunakaa katika ukanda huo huo wa Bonde la Ufa. Desemba 2005 tetemeko kubwa zaidi lilitokea Ziwa Tanganyika. Ardhi hii ikitikisika usiku, ni kuta zitakazotuua, wala si tetemeko lenyewe.

Faida nyingine ni haki. Serikali ikihitaji ardhi kwa barabara au shule, sheria inataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Mwenye hati na kibali husimama mbele ya mthamini akiwa na ushahidi mkononi. Asiye navyo husimama na machozi.

Saruji, bati na akili zetu

Lipo kosa moja ambalo watumishi wa halmashauri na wananchi hulifanya pamoja. Wote hudhani kwamba nyumba yenye kustahili kibali ni ya saruji tupu. Mwaka 1977, katika kulipima Azimio la Arusha baada ya miaka kumi, Mwalimu Nyerere aliikemea tabia hii. Alieleza kwamba kung'ang'ania saruji na bati ni namna ya kupooza kwa fikra, na kwamba watu wanaacha matofali ya kuchoma na vigae vinavyoweza kutengenezwa nyumbani, wakingoja vitu vya mbali vya bei kubwa.

Maneno hayo yanatuhusu sisi kuliko mtu mwingine. Mfuko wa saruji ukifika huku umekwisha kula nauli ya safari ndefu. Lakini udongo wa Kibondo na Kasulu hutoa matofali mazuri, na mafundi wetu wanayajua. Tofali la kuchoma halina kosa. Makosa ni msingi usiofika kwenye udongo mgumu, kona zisizofungwa sawasawa, na ukuta usiokuwa na mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Mtaalamu wa halmashauri afundishe hayo, asiikatae nyumba kwa sababu ya rangi ya tofali lake. Ni kweli kwamba tanuri za matofali zinakula misitu, na misitu yetu imekwisha kubeba mzigo mkubwa tangu miaka ya wakimbizi. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ulieneza matofali ya udongo wa kushindilia yanayofungamana, ambayo yana saruji kidogo na hayachomwi. Vikundi vya vijana vingeweza kuifanya hiyo ikawa kazi ya kuwapatia riziki.

Urasimu ni adui wa sheria

Sasa niseme na watumishi, na msinichukie. Mwananchi akifuata kibali akaambiwa njoo kesho, na kesho akaambiwa bwana mkubwa yuko semina, na keshokutwa faili halionekani, tumemfundisha nini? Tumemfundisha kwamba sheria ni mlango uliofungwa, na kwamba mwenye akili ni yule anayepita dirishani. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulimkataza kiongozi kiburi, makuu na dharau. Nongeza kwamba dharau haitoki mdomoni peke yake. Kumzungusha mzee aliyetembea kutoka kijijini, arudi mikono mitupu mara ya nne, ni dharau iliyo kimya.

Na lipo lililo baya zaidi. Ofisa hupita njiani, akaona msingi unachimbwa, akanyamaza. Akapita tena akaona kuta, akanyamaza. Siku bati linapong'aa ndipo anapofika na rangi nyekundu na kuandika alama ya X. Ukimya wa mwanzo ulikuwa ni kuacha kazi, na ukali wa mwisho ni uonevu. Katikati ya mambo hayo mawili ndipo rushwa inapojenga kiota chake. Kumsimamisha mtu kwenye msingi ni kumwokolea mali. Kumsimamisha kwenye paa ni kumfilisi.

Watumishi na walimu wawe mbele

Kwa nini ninayasema haya mbele ya walimu? Kwa sababu katika mji mdogo mtumishi mwenye mshahara ndiye anayejenga kwanza nyumba ya kudumu, na wengine humtazama yeye. Mwalimu akijenga bila kibali, mkulima atauliza, kama aliyesoma hakuona haja, mimi nani? Lakini mwalimu akitandika ramani yake mezani na kumweleza jirani maana ya kila mstari, amefanya kazi ya semina tatu. Hata darasani, somo la vipimo na skeli lingeeleweka upesi kama watoto wangechora nyumba zao wenyewe pamoja na choo, kisima na mpaka wa jirani.

Napendekeza basi mambo matano, ambayo hayahitaji fedha za kigeni.

Kwanza, kila ofisi ya kata na ya kijiji ibandike ukutani orodha ya mahitaji ya kibali, ada yake, na jina la cheo cha ofisa wa kuonwa. Kisichoandikwa ndicho kinachouzwa kwa siri.

Pili, halmashauri ziwe na ramani chache za mfano za nyumba za vyumba viwili, vitatu na vinne, kwa vifaa vya hapa hapa, zilizokwisha kuthibitishwa na wataalamu. Mkulima asilazimishwe kulipia mchoro bei ya ng'ombe wawili ili ajenge vyumba vitatu vya chini.

Tatu, wataalamu waende kwa watu. Siku moja kwa mwezi katika kata ya mbali, ikatangazwa kabla, ingepunguza safari nyingi za bure. Mitambo ya kompyuta inayopokea maombi siku hizi ni msaada mkubwa, lakini haikagui kiwanja, wala haimsaidii asiye na simu ya kisasa. Mtendaji na mwalimu wamsaidie huyo.

Nne, kila ombi lipewe tarehe ya jibu, na anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na aelezwe arekebishe nini.

Tano, vijiji vinavyoelekea kuwa miji vipange mapema. Mkutano Mkuu wa Kijiji uamue leo barabara itapita wapi, soko litakaa wapi, shule ya pili itajengwa wapi na makaburi yatakuwa wapi. Kupanga shamba tupu ni kazi ya kamba na vigingi. Kulipanga baada ya kujaa nyumba ni kazi ya fidia, kesi na machozi. Mpango wa Taifa wa kurasimisha makazi holela ulioanza mwaka 2013 ulitufundisha jinsi kurekebisha kunavyokuwa kugumu kuliko kuzuia.

Ndugu Mwenyekiti, wakoloni walikitumia kibali kumzuia Mwafrika asiukaribie mji. Sisi tumeirithi karatasi ile ile, lakini hatukulazimika kurithi nia yao. Kibali kikitolewa kwa haki na kwa haraka, kinamwambia mwananchi kwamba mji huu ni wake, nyumba yake inatambuliwa, na hakuna atakayekuja usiku na rangi nyekundu. Kikitolewa kwa majivuno na kwa upendeleo, kinarudi kuwa kile kile cha mwaka 1891, hata kama muhuri wake una picha ya Mwenge.

Mabamba bado ina nafasi. Viwanja vingi bado ni mashamba, na njia nyingi bado zinaweza kunyooshwa bila kumtoa mtu kwake. Nafasi hiyo haitadumu. Kamba na vigingi viwahi kabla ya matofali.